Nimeweka video kwenye duka langu la kanga mtandaoni, miezi sita sasa, haya ndo maoni yangu

Habari zenu wapendwa. Mimi nauza kanga, na duka langu la mtandaoni liko Shopify, ile huduma ya kufungulia duka mtandaoni. Instagram nipo pia, ila duka hasa ni lile, kwa sababu wateja wangu wengi hawakai Dar, wako Muscat, wako Uingereza, wako Marekani, na mtu wa huko hana muda wa kuulizana bei kwenye dm na kutumiana namba, anataka achague, alipe kwa kadi, aendelee na kazi zake. Kwa hiyo hii ni rivyu ya kitu kimoja tu, kuweka video za bidhaa kwenye duka la aina hiyo, maana nilipokuwa natafuta ushauri kwa Kiswahili sikupata mtu wa kunielekeza nikajifunza kwa kubahatisha na hela imenitoka, basi na wewe usipite njia hiyo.

Nianze na kwa nini. Nilikaa na picha peke yake muda mrefu na picha zangu zilikuwa nzuri, kwa kweli nilikuwa najivunia. Lakini kanga kwenye picha inakupa rangi, inakupa pindo, mji, na jina linasomeka, basi imeishia hapo. Uzito wake huuoni. Huoni kama inaonyesha ndani. Huoni kama ni pamba tupu au imechanganywa na polista, na hilo ndo swali la kwanza la mama yeyote anayejua kanga, ukiwa Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo muuzaji hata hajamaliza kusema bei mama ameshaikamata kwa vidole viwili anaisugua, ameshaiinua kwenye mwanga. Mteja wa mtandaoni umemnyang'anya vidole vyake. Sasa mwaka jana dada mmoja aliyeko Uingereza alinunua kwangu doti kumi za sare ya shughuli ya familia yao, mzigo ulipofika akaniandikia kwa adabu kabisa, mdogo wangu kanga ni nzuri na rangi ni zilezile ila nilitegemea nzito, hizi zinaonyesha itabidi watu wavae na kitu ndani. Hakunitukana wala hakudai hela, ila iliniuma sana, maana mimi nilijua fika kuwa ile kanga ni nyepesi na pale kwenye maelezo niliandika tu "pamba". Nani anasoma maelezo? Siku hiyohiyo nikaamua naanza video.

Njia ya kwanza, ninayoitumia mpaka leo na naipa nyota tano, ni kupandisha video moja kwa moja kwenye bidhaa, palepale unapoweka picha. Hamna cha ziada cha kununua. Shopify wanapokea MP4 au MOV, mwisho dakika 10 na mwisho GB 1, na kwa kanga dakika 10 utaonyesha nini, mimi zangu ni sekunde 20 mpaka 30 tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukishapandisha wao wenyewe wanatengeneza nakala za ubora tofauti, mwenye intaneti nzuri anapata safi, mwenye bando la kubana anapata ndogo na haizunguki tu kwenye skrini. Themu yangu, yaani muundo wa muonekano wa duka, ni Dawn, ile ya bure, na kwenye setingi zake za ukurasa wa bidhaa kuna sehemu ya kuruhusu video ijirudie yenyewe ikiisha, iwashe hiyo, kanga inayopepea bila kukatika inavutia macho vibaya sana.

Kitu kimoja hapo. Video usiiweke ya kwanza. Iweke ya pili. Ya kwanza ibaki picha safi ya kanga iliyotandazwa, kwa sababu ile ya kwanza ndo inayoonekana kule kwenye orodha ya bidhaa zote, ukiweka video mbele pale inatokea kava yake tu na mara nyingi kava inakamata mkono wako uko hewani au kanga imekunjamana, duka zima linaonekana halina mpangilio. Na umbo pia lilingane, kama picha zako ni za mraba basi piga video ya mraba au ya kusimama kidogo, usichanganye ile ndefu ya Tiktok na picha za mraba kwenye bidhaa moja, ukurasa unarukaruka mtu akiskroli.

Njia ya pili ni kubandika linki ya YouTube. Inafaa, ni bure, na kama tayari una chaneli yenye video zako usijisumbue kupandisha upya. Mimi niliitumia mwezi wangu wa kwanza wa video. Ila jua inavyofanya kazi, video ikiisha au mtu akiisimamisha YouTube inaonyesha video nyingine za kutazama, kuanzia 2018 kuna namna ya kuiandika ile linki ili zitokee za chaneli yako tu lakini kuziondoa kabisa haiwezekani, na mteja akibonyeza moja amehama dukani kwako. Dukani mimi nataka mtu abaki dukani. Kwa hiyo YouTube kwangu imebaki kwa video ndefu, kama ile ya namna mbalimbali za kujifunga na kujitanda, hiyo ina dakika kama saba na hainiumi mtu akiendelea kutazama mengine. Nyota tatu na nusu.

Njia ya tatu ndo hela yangu ilipoenda. Ni zile apu za kulipia kwa mwezi unazoongeza kwenye duka, jina la niliyotumia silitaji. Zinakuwekea kile kiduara cha video kinachoelea pembeni, mtu akibonyeza kinafunguka kama stori. Kinapendeza sana, siku ya kwanza nilimtumia kila mtu linki aone. Baada ya wiki mbili mdogo wangu aliyeko Mwanza akaniambia dada duka lako siku hizi linachelewa kufunguka, nikajaribu kwa simu ya kawaida bila waifai, kweli, ukurasa mweupe unasubiri na unasubiri. Google wenyewe wanashauri kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, kwangu nilikuwa nahesabu mpaka saba kwa mdomo. Nikaitoa. Kuitoa nako hakukutosha maana vipande vya maandishi ya programu yake (code) vilibaki ndani ya themu ikabidi nimlipe kijana wa kompyuta avisafishe. Sasa sisemi zote ziko hivyo, ila kwa duka dogo kama langu sikuona kitu kimoja inachonipa ambacho ile njia ya kwanza ya bure hainipi, zaidi ya urembo. Ukitaka kujaribu, kabla hujaingiza kadi yako fungua duka kwa simu ya bei ya chini na data ya kawaida, uone mwenyewe.

Rafiki yangu anauza vikapu vya ukindu na yeye yuko WooCommerce, mfumo wa duka unaouweka kwenye tovuti yako mwenyewe ya WordPress, kule mambo ni tofauti kidogo, galari ya bidhaa ikija kama ilivyo inapokea picha tu, video lazima uongeze plagini (kiprogramu cha nyongeza), na faili linakaa kwenye hostingi yako, ile nafasi unayolipia ya kuweka tovuti, kwa hiyo ukubwa ni shida yako mwenyewe hakuna wa kukutengenezea nakala ndogo. Na kama unarekodi kwa iPhone kuna mtego. Tangu iOS 11, mwaka 2017, hizo simu zinahifadhi video kwa mfumo unaobana sana unaitwa HEVC, na baadhi ya simu na brauza haziufungui, mteja anaona boksi jeusi na wewe kwako inacheza vizuri tu hujui chochote. Nenda setingi za kamera, kwenye Formats chagua Most Compatible. Faili litakuwa kubwa zaidi, Apple wanasema dakika moja ya video ya ubora wa 1080p inatoka MB 60 inakwenda MB 130, kwa hiyo ukimaliza ipitishe HandBrake kwenye kompyuta, programu ya bure ya kubana video, ishushe iwe ubora wa 720p. Video yangu ya sekunde 20 inatoka hapo ina MB 4 hivi na macho hayaoni tofauti kwenye simu.

Sasa kupiga zenyewe, hapa ndo nilijifunza zaidi ya kote.

Video zangu za mwanzo zilikuwa na mistari myeusi inapanda na kushuka, nikadhani kamera imekufa. Kumbe ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, simu yenyewe inarekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, hesabu hazilingani ndo ile mistari. Dawa yake kwa iPhone ni kwenda setingi za kurekodi video uwashe Show PAL Formats halafu uchague fremu 25, simu nyingine nyingi zina pro mode, ile ya kupanga kamera mwenyewe, unaweka shata (muda wa kila picha) 1/50 ya sekunde. Au uachane na taa kabisa kama mimi sasa, napiga barazani asubuhi, jua halijawa kali, rangi ya kanga inatoka kama ilivyo. Nyekundu ya kanga chini ya taa ya njano inageuka chungwa, mteja akipokea nyekundu atasema umemtumia nyingine.

Mpangilio wangu ni huu. Naanza na doti nzima kama inavyotoka dukani, vipande viwili vimeshikana, kwa sababu kuna wateja waliozaliwa huko nje hawajui kuwa kanga inakuja imeungana unaikata na kuipinda mwenyewe, nilishaulizwa mbona mmenitumia shuka refu. Halafu naweka mkono nyuma ya kitambaa mmoja tu, nausogeza taratibu, hapo mtu anaona mwenyewe inaonyesha kiasi gani. Hicho kipande cha sekunde tatu ndo cha thamani kuliko vyote, ndo kile yule dada wa Uingereza alistahili kukiona kabla hajalipa. Halafu naikunja kwenye ngumi na kuiachia, pamba inabaki na mikunjo, yenye polista inafunguka yenyewe. Halafu binti wa dada yangu anajifunga, anatembea hatua nne anageuka, maana kanga mpya ina wanga inasimama kama karatasi na ukiivalisha mtu ndo unajua itakaaje. Ile ambayo imeshafuliwa mara moja naionyesha pia pembeni yake kama ninayo, watu wanataka kujua kama inachuja. Mwisho ni jina, nalisogelea mpaka lijaze skrini.

Na jina naliandika pia kwa herufi chini ya video, kwa sababu brauza siku hizi haziachi video ianze yenyewe ikiwa na sauti, Chrome walibana hilo 2018, inaanza kimya mpaka mtu abonyeze. Panga video yako ijitosheleze bila sauti. Sauti ninaweka lakini, namrekodi mama yangu akisoma jina la kanga na kulieleza kwa sentensi moja mbili, hili lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Muscat aliniandikia kuwa wajukuu zake wanaifungua ile video wamsikilize bibi wa Dar anavyotamka "wema hauozi" halafu wanamuuliza yeye maana yake. Alinunua doti tatu ila hata asingenunua ningefurahi vilevile.

Matokeo kwangu? Maswali ya "ni nzito?" na "inaonyesha?" yamepungua mpaka naona siku inapita sijaulizwa, na tangu niweke video sijapata lalamiko hata moja la uzito. Mauzo yamepanda pia lakini msimu wa harusi uliingia katikati hivyo sitaki kuisingizia video yote. Nilichokiona kwa uhakika ni kwamba kanga nyepesi sasa zinanunuliwa na watu wanaotaka nyepesi, wa kuvalia nyumbani wakati wa joto, wa kubebea mtoto wanachukua nzito, na hakuna anayelaumu.

Kasoro zipo. Inachukua muda, kanga moja tangu kupiga mpaka kupandisha ni kama dakika 40 na kanga zinatoka mpya kila mara, jina hili likiisha halirudi, kwa hiyo unafanya kazi ya video kwa mzigo ambao wiki mbili zijazo haupo. Kwa hiyo sipigi zote. Kanga za mzigo mdogo, doti tano sita, zinabaki na picha na nawatumia video WhatsApp wakiuliza. Za mzigo mkubwa na zile za sare zote lazima ziwe na video, mtu anayenunua doti kumi kwenda juu simuuzii kwa picha peke yake tena. Na bando la kupandisha, napandisha usiku baada ya saa sita intaneti ikiwa imetulia.

Mwenye duka la vitenge au madira anayetaka kujua stendi ya simu ninayotumia na namna ninavyoifunga kanga kwenye kamba ipepee bila feni, aniulize hapo chini nitamjibu.