Osaka siku nane: vitumbua vya pweza, vivuko vya bure na kasri lenye lifti

Mdogo wangu anasoma Osaka, Japani, mwaka wa tatu sasa, na kila nikimuuliza huko kuna nini hunijibu, "Dada, njoo ule." Novemba 2024 nikaenda. Dar hadi Dubai, Dubai moja kwa moja hadi Kansai, ule uwanja wa ndege uliofunguliwa 1994 juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza bahari. Nikakaa siku nane. Tangu nirudi Tanga watu hawaishi kuniuliza twende, tusiende, tufikie wapi, basi nimeona niandike mara moja.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ni ya Dotonbori usiku wa Jumamosi.

Osaka si mji wa kuuangalia kwa mbali ukasema mashaallah. Ulipigwa mabomu 1945 ukajengwa upya mbiombio, zege na nyaya za umeme kila upande. Ukija na orodha ya majengo mazuri utaondoka umenuna. Raha yake iko chini, kwenye vichochoro, masoko yaliyoezekwa paa na vijiduka vya viti sita. Wajapani wenyewe tangu zama za wafanyabiashara wa mchele waliuita jiko la nchi, na bado wana neno lao, kuidaore, maana yake kula mpaka ufilisike.

Kwa hiyo naanza na pweza. Mtu wa Pwani ukisimama mbele ya muuza takoyaki utacheka. Ni vitumbua! Chuma kile kile chenye mashimo, uji ule ule unaomiminwa, kijiti kile kile cha kugeuzia, ila ndani ya kila kimoja kuna kipande cha pweza na tangawizi nyekundu ya siki. Juu wanapaka sosi nzito ya kahawia, mayonezi, unga wa mwani, na vipande vya samaki mkavu vilivyonyolewa vyembamba kama karatasi hata vinacheza kwa mvuke. Vinane nilivinunua kwa yen 600 hivi, na siku zile yen 100 ilikuwa kama shilingi 1,700 zetu. Ndani ni uji wa moto, haujakauka kama kitumbua cha mchele. Cha kwanza nilikitia kinywani kizima, ulimi ukaungua, na mdogo wangu alikuwa akinisubiria hapo hapo acheke. Toboa kwanza, acha mvuke utoke. Kwa anayeangalia halali: pweza hana neno, lakini sosi na supu ya kuchanganyia unga hutofautiana duka kwa duka, na mimi nilikuwa na mtu wa kunisomea maandishi. Ukiwa peke yako pakua programu ya kutafsiri kwa kamera, itakufaa kuliko ramani.

Dotonbori ndiyo ile ya picha zote: mfereji uliochimbwa kuanzia 1612, kaa mkubwa anayechezesha miguu juu ya mgahawa, na mkimbiaji wa Glico, kampuni ya pipi, aliyenyoosha mikono, ambaye tangazo lake la kwanza liliwashwa hapo 1935. Inafaa kuonwa. Lakini nenda Jumanne saa mbili asubuhi, mwone mkimbiaji wako, upige picha, uondoke. Sisi tulikwenda Jumamosi usiku na darajani hatukuweza kugeuka. Kibanda kimoja pembeni kikaniuzia mshikaki mmoja wa nyama kwa bei ambayo nikiitaja mama yangu atanifungia simu. Kosa langu, sikuuliza kwanza. Soko la Kuromon lililo karibu nalo limeshajua watalii, ukaguse kwa macho tu.

Hatua chache nyuma ya kelele hizo kuna kichochoro cha Hozenji, na hapo nilitulia. Mawe yamelowa, taa ni za karatasi, na kuna sanamu ya Fudo, mlinzi katika dini ya Kibudha, ambayo waumini humwagia maji kwa kata. Imemwagiwa miaka mingi mpaka imeota kuvu la kijani mwili mzima, huoni jiwe tena. Mtaa mwingine wa karibu nitakaoutaja ni Doguyasuji, barabara ya vyombo vya jikoni: visu, masufuria ya kulishia kijiji, na vyakula vya plastiki vinavyowekwa madirishani mwa mikahawa, ukiviona utameza mate. Nilinunua chuma cha takoyaki. Nitakirudia.

Shinsekai wengi watakuambia usiende, kwamba ni uswahilini. Mimi ndiyo niliyoipenda. Jina maana yake dunia mpya. Ulijengwa 1912, upande wa kaskazini ukaiga Paris na wa kusini ukaiga Coney Island, pwani ya burudani ya New York, na katikati wakasimamisha mnara, Tsutenkaku. Ule wa kwanza uliungua 1943 ukabomolewa, huu wa sasa ni wa 1956 na aliyeuchora ndiye huyo huyo aliyechora mnara wa Tokyo, Tachu Naito. Leo dunia mpya imezeeka vizuri. Wazee wanacheza shogi, ule mchezo wao wa mbao, taa zimepitwa na wakati, na kila kona amekaa Billiken, kisanamu chenye kichwa kilichochongoka na miguu iliyonyooshwa mbele. Unamsugua nyayo upate bahati. Nilidhani ni mungu wa kale wa Kijapani, kumbe alibuniwa na mwanamke wa Kimarekani, Florence Pretz, 1908. Chakula cha mtaa huu ni kushikatsu, vitu vya kukaanga kwenye vijiti, na kila duka limeandika onyo: usichovye mara mbili kwenye sosi. Sikula, kwa sababu nguruwe na kamba wanapita karai moja. Nikaagiza soda nikakaa nitazame watu.

Na watu wa Osaka wana maneno. Tokyo, anasema mdogo wangu, utapanda treni mwaka mzima asikusemeshe mtu. Huku bibi mmoja alinishika ushungi akauliza kitambaa hiki kinatoka wapi, akatoa pipi mkobani akanipa. Ahsante yao si ile ya vitabuni, ni "okini". Salamu ya zamani ya wafanyabiashara ni kuulizana "unapata faida?" na jibu lake ni "bochi bochi", yaani si haba. Niliposikia hivyo nikawaona ndugu zetu wa Kariakoo wanaokujibu "twaganga njaa" huku duka limejaa.

Kutoka Shinsekai panda tramu ya Hankai. Ni ya mwisho iliyobaki mjini, inapita katikati ya nyumba karibu igongane na nguo zilizoanikwa. Shukia Sumiyoshi Taisha. Hekalu hili la Kishinto ni la mabaharia. Wajumbe wa Japani waliokuwa wakivuka bahari kwenda China ya enzi za wafalme wa Tang waliombewa safari hapa. Siku hizi bahari imesukumwa mbali kwa kujazwa udongo, lakini taa za mawe zilizotolewa na wafanyabiashara wa majini bado zimepangwa kwa mamia. Mbele kuna daraja jekundu lililopinda kama mgongo wa paka. Kupanda si tabu. Kushuka, na baibui, na viatu vya soli laini, nilishuka ubavu ubavu kama kaa nikishika ukingo, nyuma yangu mtoto wa chekechea akinisubiri kwa adabu.

Sasa vivuko. Hakuna aliyenitajia, navyo ndivyo vilivyonibaki. Mdogo wangu anaishi Taisho, wilaya ya viwanda iliyozungukwa na maji, yenye watu wengi waliotoka visiwa vya Okinawa. Asubuhi ya pili akanitembeza mpaka mtoni, kikaja kiboti, tukaingia na watu wenye baiskeli, tukavuka. Natafuta pa kulipia, hapapo. Manispaa ina vivuko vinane vya namna hii na vyote ni bure, tangu sheria ya barabara ilipoanza kutumika 1920, kwa hoja kwamba kivuko ni kipande cha barabara, na barabara hailipiwi. Mbona wasitumie madaraja? Yapo, lakini meli hupita chini yake, kwa hiyo yamejengwa juu sana. Kivuko cha Senbonmatsu kinapita chini ya daraja linalojiviringa kama konokono pande zote mbili ili magari yapate kimo. Wenyewe huliita daraja la miwani. Mwenye baiskeli apande huko kwa nini? Kiboti ni dakika mbili tatu. Mimi niliyezoea kusubiri kivuko cha Pangani, jua kali, mbuzi na pikipiki, nilivuka vivuko vinne siku moja kwa starehe tu. Nahodha wa kile cha nne alishanijua, akanipungia.

Kivuko kingine kinaanzia Tempozan, karibu na jumba la samaki la Kaiyukan ambako kuna papa nyangumi ndani ya tangi. Ukiwa na watoto ingia. Pembeni kuna kilima cha udongo uliotolewa mtoni mwaka 1831, kina mita 4.53, na wanakiita mlima. Niliupanda. Sikuhema.

Kasri la Osaka nalipitisha haraka. Mtawala Toyotomi Hideyoshi alianza kulijenga 1583, likateketea vitani 1615, likajengwa tena na ukoo wa Tokugawa, mnara ukapigwa radi 1665. Unaouona leo ni wa zege, wa 1931, uliojengwa kwa michango ya wananchi, na ndani kuna lifti. Mimi nililipa yen 600, tangu Aprili 2025 ni yen 1,200. Kwa bei hiyo nakushauri ubaki nje: kuta na mahandaki ya maji ni ya zamani kweli, na bustani ni bure. Tafuta lango la Sakuramon uone jiwe moja la ukutani linalokadiriwa kuwa na tani zaidi ya 100. Jina lake Tako-ishi, jiwe la pweza. Pweza tena!

Kwa kuona mji kutoka juu kuna Umeda Sky, maghorofa mawili yaliyounganishwa kileleni, na ngazi za umeme zinazopita hewani katikati yake. Mwenye kizunguzungu asijaribu. Mimi nilipenda Abeno Harukas, jengo la mita 300. Juu kabisa unalipia, lakini ghorofa ya 16 ina kibustani cha bure, na kwa macho yangu panatosha. Kutoka hapo si mbali na hekalu la Shitennoji, lililoanzishwa 593 na mwanamfalme Shotoku. Nenda tarehe 21 ya mwezi, kunakuwa na gulio la mitumba: kimono, vyungu, saa zilizosimama. Nilipata kimono cha hariri kwa bei ya gauni la mtumba la Tanga.

Siku ya mvua ikuangukie Tenjinbashisuji. Ni barabara ya maduka iliyoezekwa, urefu kilomita 2.6, na wanaonunua humo ni wenyeji: soksi, samaki, miwani, dawa ya mafua. Mwisho wake juu ya kituo cha treni kuna jumba la makumbusho ya makazi ambako wamejenga mtaa mzima wa Osaka ya zamani ndani ya jengo, na mwanga unabadilika kutoka asubuhi hadi usiku.

Ya vitendo. Kata kadi ya ICOCA, inalipia treni, basi na hata maji dukani. Treni ya Nankai kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Namba mjini, ile ya kawaida, haifiki yen 1,000. Njia nyekundu ya Midosuji siku za kazi ina behewa la wanawake peke yao, nililitumia sana. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Tokyo wanasimama kushoto. Mapipa ya taka hakuna, beba mfuko. Swala: vyumba vipo uwanja wa ndege, na msikiti wa Osaka uko Nishiyodogawa, kituo cha Chibune. Ukiwa na nusu siku, nenda Kobe kwa treni ukasali kwenye msikiti wa kwanza wa Japani. Ulifunguliwa 1935, ukapona mabomu ya 1945, ukapona tetemeko la 1995. Nilisali adhuhuri mle nikiwa kati ya mama wa Indonesia na binti wa Kituruki.

Na kile chuma. Nimemletea mama yangu, yeye na vitumbua ni damu na nyama. Akakigeuza geuza, akapima shimo kwa kidole gumba, akauliza, "Huko kwao wanawauzia wanasesere?" Kesho yake asubuhi nikasikia harufu ya iliki na nazi. Alikuwa amekaanga vidogo vidogo sahani nzima, na wajukuu walikuwa wameshavimaliza.