Madabodi gani ununue Mombasa ukiunda PC ya bei ya kati

Ukiingia duka la kompyuta pale mjini ukasema unaunda PC, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Intel au AMD, boss?" Si swali baya, maana hizo ndizo kampuni mbili za prosesa, ila kwa anayeishi Mombasa kuna mawili yanayotangulia. Je, madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipande vyote vya kompyuta, itavumilia chumba kisicho na AC mwezi wa Februari? Na je, stima ikipotea katikati ya kusasisha BIOS, ile programu inayoiamsha bodi, itaamka tena? Orodha hii nimeipanga kwa kuanzia hapo. Taa za rangi na majina ya kivita yaliyoandikwa kwenye boksi sikuyapa alama yoyote.

PC ya kati ninayoizungumzia ni ya prosesa yenye viini sita hadi nane, mfano Ryzen 5 7600 au Core i5-12400F, na kadi ya michoro ya daraja la RTX 4060 au RX 7600. Mashine ya kuchezea, kufanyia kazi za ofisi, na kuhariri video za harusi bila kusubiri mpaka alfajiri. Kwa mashine kama hiyo, bodi ikigharimu kuliko prosesa yenyewe, pesa zimekwenda pasipo pake.

Tuanze na joto. Pawasaplai huipa bodi volti 12, lakini prosesa hutumia volti moja na kitu. Kazi ya kushusha volti hizo hufanywa na saketi iitwayo VRM, ile safu ya vipande vidogo vyeusi iliyozunguka soketi. Hapo ndipo joto huzaliwa, na bodi za bei ya chini kabisa huziacha VRM wazi bila hitisinki, yaani vipande vya chuma vya kupunguza joto. Nairobi mwezi wa Julai huenda usione tofauti. Hapa kwetu, feni za keisi zinavuta hewa ambayo tayari ina nyuzi 32, video ina dakika 40 za kurenda, na VRM ikizidiwa prosesa hupunguza kasi yenyewe ili kujiokoa. Kwa hiyo tazama kama kuna vipande vya alumini juu ya VRM, na kama vimefungwa kwa skrubu. Usibabaishwe na hesabu za "fezi 14" kwenye tangazo. Fezi ni sehemu za VRM zinazogawana kazi, na watengenezaji wana njia nyingi za kuzihesabu.

Pili ni kitufe cha kuflashi BIOS, ambacho kila kampuni hukiita jina lake: BIOS FlashBack kwa ASUS, Q-Flash Plus kwa Gigabyte, Flash BIOS kwa MSI. Kina faida mbili. BIOS ikiharibika kwa sababu umeme umekatika, unachomeka flashi ya USB kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza, na bodi inajirekebisha hata bila prosesa wala RAM. Faida nyingine ni kwa bodi iliyokaa stoo. B650 iliyotengenezwa kabla ya Ryzen 9000 kutoka Agosti 2024 huenda isiwake kabisa na prosesa hizo mpaka isasishwe. Bila kitufe hicho itabidi umtafute fundi mwenye prosesa ya zamani ya kuazima.

Sasa orodha yenyewe.

Ya kwanza: B650 (jina la chipseti, chipu inayoongoza matundu ya bodi) ya saizi ndogo ya micro-ATX. Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue kama anaanza kutoka sifuri. Soketi yake ni AM5, iliyotoka 2022, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Yaani baada ya miaka kadhaa unabadilisha prosesa peke yake, bodi inabaki. MSI PRO B650M-A WiFi na ASUS TUF Gaming B650M-Plus zote zina hitisinki za maana, nafasi nne za RAM, nafasi mbili za M.2 (za kuchomeka SSD) na kile kitufe. Ukipata B850 kwa nyongeza ndogo, chukua. Lakini jihadhari na B840. Namba yake ni kubwa kuliko 650 na ni ya 2025, ila kwa uwezo iko chini: haikuruhusu kuongeza kasi ya prosesa, na njia za PCIe (zinazopitisha data za kadi na SSD) za chipseti yake ni za kizazi cha tatu. Wapo watakaokuuzia kama "toleo jipya".

Ubaya wa AM5 ni RAM. Inakubali DDR5 pekee, kizazi kilichofuata DDR4, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, viwanda vikihudumia kwanza vituo vya data vya akili bandia. Ndiyo maana orodha hii hugeuka ukiwa tayari na RAM ya DDR4 nzuri kutoka mashine ya zamani, kwa sababu pesa utakayookoa kwenye RAM ni nyingi kuliko tofauti yoyote kati ya bodi na bodi.

Ya pili: B760 ya DDR4. Kwa mwenye DDR4, hii inapanda namba moja. Soketi ni LGA1700, inabeba Intel kizazi cha 12, 13 na 14, basi; Intel walishahamia LGA1851 Oktoba 2024, kwa hiyo hapa hakuna safari ndefu mbele. Soma jina mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu B760 zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM hizo haziingiliani. Hata mwanya kwenye meno yake umewekwa mahali tofauti. ASUS huandika "D4" mwishoni. Ukiweka i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS kabla ya jambo lolote: prosesa hizo zilikuwa zikiharibika polepole kwa kupewa volti kupita kiasi, na Intel walitoa marekebisho 2024. Kwa i5-12400F hilo halikuhusu.

Ya tatu: B550. Soketi yake, AM4 ya AMD, ni ya 2016, lakini Ryzen 5 5600 bado inafanya kazi yake vizuri, na soko la mitumba limejaa bodi hizi. Chagua B550 badala ya B450 au A520 kwa sababu moja: ina PCIe 4.0. Kadi kama RX 7600 na RTX 4060 hutumia njia nane tu badala ya kumi na sita, na zikiwekwa kwenye PCIe 3.0 hupoteza kidogo.

Ya nne: A620. Ni AM5 pia, kwa bei ya chini. Nyingi zina nafasi mbili za RAM na VRM zilizo wazi. Ukiwa na Ryzen 5 7600 na feni nzuri, sawa. Zaidi ya hapo, hapana.

Ya mwisho: H610. RAM nafasi mbili, kasi ya DDR4 haipiti 3200, SSD ya M.2 inakwenda kwa PCIe 3.0. Inafaa mashine ya kaunta dukani.

Zile bodi za X99 kutoka Uchina zinazouzwa mtandaoni pamoja na Xeon (prosesa za seva za Intel) na RAM kwa bei ya kutupa sikuziorodhesha. Soketi yake ni ya 2014, chipseti nyingi zimetolewa kwenye bodi kuukuu, na Xeon hizo hazimo katika prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025. Vilevile usinunue bodi iliyochomolewa kwenye Dell au HP ya eksi-UK ukitumai itaingia keisi ya kawaida; nyingi zina plagi za umeme za kwao wenyewe.

Umeshachagua? Kabla ya kutuma M-Pesa, omba boksi lifunguliwe pale pale kaunta. Utaambiwa, "Hiyo ni mpya sheikh wangu, haijaguswa." Mjibu kwa upole, "Najua ndugu yangu, nifungulie tu." Toa kifuniko cha plastiki cha soketi, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni. AM5 ina pini 1,718 na LGA1700 ina 1,700, na mwanga ukizipiga kwa ubavu zote humeta kwa mistari iliyonyooka. Pini iliyopinda utaiona mara moja, inameta peke yake au haimeti kabisa. Usiiguse, irudishe. Pini iliyopinda haimo kwenye waranti, na ukishatoka nje ya mlango ni yako. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo kagua huko.

Bodi ya mtumba igeuze uangalie matundu ya USB ya nyuma. Iliyokaa dirishani Nyali au Kizingo ikipigwa na upepo wa bahari huota unga mweupe au ukijani kwenye chuma. Ukiuona, achana nayo hata kama inawaka.

Na kwa kuwa duka la hapa mara nyingi litakuagizia kutoka Nairobi, bodi ifike na basi la usiku, ulizia mapema: ikiwa mbovu, nauli ya kuirudisha ni ya nani, na nitasubiri siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya siriali, ukishahakikisha ile ya boksi ndiyo iliyobandikwa kwenye bodi.