Dereva wa lori aliyemwaga maji jangwani: uzoefu wangu na riwaya ya njia ndefu

Mtu aliyekulia kati ya Bahi na Mpwapwa, huku Dodoma kwenye ukame, akifika sura ya saba ya riwaya hii atarudi nyuma aya mbili kuhakikisha amesoma sawasawa. Mhusika mkuu yuko jangwa la Mojave, jua la saa saba mchana, chupa ya mwisho ina kama nusu lita. Anaifungua. Anaimimina yote mchangani, anasimama kuangalia ardhi ikiyanywa, na mwandishi anatuambia kwamba hapo ndipo uchungu wa kufiwa na ndugu yake ulipoanza kumtoka.

Amemwaga maji. Jangwani. Ili moyo upate nafuu.

Jina la kitabu silitaji, wala la mwandishi, maana ugomvi wangu ni na sura hiyo. Ni riwaya ya Kiingereza, ya wale wahusika wanaotembea miezi kadhaa porini ili wajifahamu upya. Dereva wa malori wa Marekani anamzika kaka yake, anaegesha gari, anaamua kutembea Pacific Crest Trail yote kwa miguu: kilomita 4,265, kutoka mpaka wa Mexico, kupitia California, Oregon na Washington, hadi mpaka wa Kanada. Mambo ya jalada, bei na idadi ya kurasa mtayaona wenyewe dukani.

Kwanza niseme kwa nini kosa hili limenikera kuliko makosa ya kawaida ya riwaya. Mwandishi amechagua dereva wa lori. Katika wahusika wote wa dunia, huyo ndiye aliyefaa zaidi kwa jangwa! Dereva wa masafa haingii kipande asichojua kituo kinachofuata cha mafuta. Anajua gari likiwa na mzigo linakula lita ngapi kwa kilomita mia, anajua mlima unaongeza kiasi gani, anajua akibanwa foleni kwenye mizani atabaki na nini tenkini. Hesabu hiyo iko damuni. Muulizeni yeyote anayelala na lori pale Nala au Kibaigwa. Halafu mtu wa namna hiyo, mwenye miaka mingi barabarani, aingie kipande cha kilomita 30 kisicho na maji akiwa na lita mbili, aondoke saa sita mchana, na mwishowe amwage zilizobaki? Hapo si maji tu yaliyomwagwa. Mhusika mzima amemwagwa.

Sasa hesabu yenyewe, kwa faida ya wasomaji watakaodhani ninatia chumvi. Mtu mwenye begi la kilo 14 hivi anatembea kama kilomita 4 kwa saa kwenye njia ya mchanga, pungufu kidogo kukiwa na mwinuko. Kilomita 30 ni saa saba na nusu bila kupumzika. Kwenye joto kali mwili unahitaji kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Chukua hata kiwango cha chini, unahitaji karibu lita 4 za kunywa tu. Ongeza lita moja ya kupikia na chai, ongeza lita moja ya akiba kwa sababu bomba au kisima ulichoambiwa kipo kinaweza kuwa kimekauka. Hizo ni lita 6, na maji hayana ujanja wa kupunguza uzito: lita 6 ni kilo 6. Huo ndio mgogoro halisi wa jangwa. Ukibeba kingi unachelewa na unatoka jasho zaidi, ukibeba kidogo unaanguka. Kwenye mvutano huo mwandishi alikuwa na riwaya nzima, akaiacha akakimbilia ishara.

Na si kiasi tu. Maji matupu bila chumvi nayo yana hatari yake. Mtu anayetoka jasho saa nane mfululizo na kunywa maji peke yake anashusha chumvi ya damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, mikono inavimba, akili inachanganyikiwa, na watu wanadhani ni kiu wakamwongezea maji yale yale. Kinga yake ni kula vitu vya chumvi kila saa, au kuwa na pakiti za ORS begini. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa juu, siyo vilivyojaa kama mlima. Mama yeyote aliyewahi kuuguza mtoto wa kuhara anaijua hiyo. Katika sura nzima ya saba neno chumvi linatokea mara moja, nalo linahusu machozi.

Kinachofuata baada ya kumwaga maji ndicho kibaya zaidi. Jamaa anatembea tena saa nyingi bila tone, na kadiri anavyokauka ndivyo mawazo yake yanavyozidi kuwa safi. Anakumbuka utoto, anasamehe, anatunga sentensi nzuri. Hapana! Mwili ukipoteza asilimia mbili tu ya uzito wake kwa njia ya maji, nguvu na umakini vinaanza kushuka. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, mate yananata, hasira za bure zinakuja, mtu anakosea njia palipo na alama iliyo wazi. Akiendelea, ngozi inaweza kukauka na kuwa ya moto, anaropoka, anapepesuka. Hapo ni kiharusi cha joto, anatafutiwa kivuli haraka na kupozwa mwili mzima, kwapani, shingoni na kwenye kinena. Mtu wa hali hiyo hasamehi mtu. Hata jina lake anaweza kulikosa.

Nimesema Mojave. Kipande anachoelezea kinapita juu ya mfereji unaopeleka maji Los Angeles kutoka bonde la Owens, uliofunguliwa mwaka 1913. Wenye kuijua njia hiyo wanajua mateso yake: sehemu fulani unakanyaga bomba kubwa, sehemu nyingine zege lililofunika mfereji, hakuna mti wa kivuli zaidi ya ile mimea ya miiba inayoitwa joshua, na muda wote mto mzima wa maji unapita chini ya soli zako bila wewe kuweza kuchota hata kikombe. Basi fikirieni. Mtu aliyefiwa, mwenye kiu, anatembea juu ya maji asiyoweza kuyafikia, kilomita baada ya kilomita. Ishara ilikuwa chini ya miguu yake! Mwandishi anautaja mfereji kwa nusu sentensi, kama alama ya barabarani, kisha anabuni tukio la chupa.

Tena watembeaji wa huko wengi wanakivuka kipande hicho usiku. Mchana wanalala walipopata kivuli, jioni wanaanza, alfajiri wako mbele. Hilo si jipya kwetu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita humu humu Ugogo, na kabla ya kufika kulikuwa na pori la Marenga Mkali, kutoka Chunyo karibu na Mpwapwa kuelekea Mvumi, pori lisilo na maji ya kutegemea. Wapagazi walilivuka kwa tirikeza, kama vitabu vya wasafiri wa wakati ule vinavyoiandika. Asubuhi wanapumzika kwenye maji, wanapika, wanakunywa washibe, wanajaza vibuyu. Mchana ukianza kupinduka wanajitwisha mizigo na kwenda hadi giza, wanalala pakavu bila kupika, kisha kabla jua halijachomoza wameshaondoka tena, na asubuhi wanafika kwenye maji mapya. Kipande kirefu kimekatwa vipande viwili. Na wale walibeba frasila mbili kichwani au begani, kilo 30 na ushee. Hapakuwa na begi lenye mkanda wa kiuno.

Dereva wa lori angeielewa tirikeza bila kufundishwa, maana naye anajua kuegesha mchana na kuendesha usiku ili kulinda matairi. Nawaza kurasa ambazo zingeandikwa: mtu aliyezoea kukimbizana na saa anajifunza kukaa tu kivulini saa tano, na pale alipokaa, bila injini ya kumpigia kelele, ndipo kaka yake anamjia akilini. Hayo yangekuwa mabadiliko ya mtu. Yangetoka kwenye njia yenyewe.

Nikisema kitabu chote ni takataka nitakuwa nimedhulumu. Sura ya nne, ya miguu, ni bora kuliko maandishi mengi niliyosoma kuhusu kutembea, na inanipa shida kwa sababu inaonyesha mwandishi ANAWEZA. Anaanza na chanzo: lengelenge halitokani na kiatu kibovu peke yake, linatoka kwa unyevu, joto na msuguano vikikutana. Jamaa anahisi kijoto kisigino, hasimami, anajiambia atashughulika kambini. Kilomita nane mbele ngozi imeshapanda. Kisha anaeleza vizuri kabisa kulitumbua: osha, choma sindano kwenye moto, toboa pembeni chini karibu na ngozi nzima, kamua polepole, ngozi ya juu usiiondoe, funika kwa plasta isiyo na mikunjo. Anaeleza kwa nini miguu inavimba baada ya wiki chache na kiatu kinabidi kizidi namba moja, kwa nini kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi kwenye mteremko na unakaza kamba za juu ili mguu usiteleze mbele, kwa nini jozi moja ya soksi inavaliwa na nyingine inaning'inia begini ikikauka. Na katikati ya hayo yote, bila kupiga tarumbeta, unaona mtu mkaidi akijifunza kusimama mapema. Yule aliyepuuza simu za kaka yake mgonjwa. Hakuna anayetuambia. Tunaona tu plasta inawahi.

Sura ya posta nayo safi. Anafika mji mdogo, anamwaga begi lote sakafuni, anapanga kilo 4 za vitu vya kurudisha nyumbani: suruali ya jinzi, kikaango, tochi ya pili, kisu kikubwa. Anabaki na jaketi la kaka yake mkononi, anapima, gramu karibu 900. Analituma pia. Sentensi mbili, basi. Pale nilikuwa tayari kukisifu kitabu hiki kwa kila mtu.

Hata huko mbele, milima ya Sierra Nevada, kazi yake si mbaya. Anajua theluji ikiyeyuka mito inajaa jioni na kupungua alfajiri, kwa hiyo mhusika anasubiri usiku kucha ndipo avuke. Anafungua mkanda wa kiuno na wa kifuani kabla ya kuingia majini, ili akianguka alivue begi lisimzamishe. Anaelekea juu mkondo unakotoka, fimbo mbele, hatua za ubavu. Sahihi kabisa. Kwenye Forester Pass, mita 4,009, sehemu ya juu kuliko zote katika njia hiyo, anatembea polepole na anaumwa kichwa kama inavyotakiwa. Kosa dogo: chujio lake la maji linaachwa nje usiku wa barafu, na kesho linatumika kana kwamba hakuna kitu. Chujio la nyuzi likishalowana halafu likaganda, nyuzi zinapasuka ndani usione kwa macho, na vijidudu vinapita. Linalala nawe ndani ya mfuko wa kulalia, au unakuwa na vidonge vya klorini na kusubiri nusu saa. Lakini hilo ningelisamehe. Oregon na Washington zimekimbizwa, sina la kusema.

Kwa hiyo nilipofunga ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeshaanza kulegea. Nyota tatu, nilisema. Labda nne, kwa ajili ya miguu na lile jaketi.

Kisha nikarudia sura ya nane kuona mwandishi alimfikishaje mtu wake baada ya jangwa. Amefika. Hana hata ufa wa midomo. Kesho yake anatembea kilomita 35 akipiga mluzi. Hakuna aliyempa maji, hakuna bomba, kuna aya moja ya mawingu na matone machache ya mvua yaliyotoka kusikojulikana, mwezi wa sita, kusini mwa California! Sisi mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, na miezi mingine watu wanachimba mchanga wa korongo mpaka maji yachungulie, wanayachota kwa kata na kusubiri yajae tena. Hatuwezi kusomewa kwamba ukimwaga maji kwa moyo safi mbingu itakurudishia. Kuna vijana wa hapa mjini wameanza kupanda milima ya Mpwapwa na kutembea miamba ya Kondoa wikiendi, wanasoma vitabu kama hivi kupata hamasa, na wengine wanaondoka na chupa mbili za nusu lita.

Nyota mbili. Na hizo ni za sura ya nne. Kama kuna anayetaka kumwazima mtu kitabu hiki, nami bado nasema aazime, maana sura ya nne na ya posta hazipatikani kirahisi, basi achukue kalamu kwanza, afungue sura ya saba, aandike pembeni kwa herufi kubwa: lita 6, chumvi, ondoka saa kumi jioni.