Ziara ya Canyon de Chelly, Arizona: saa moja tu imetukosesha korongo zima

Nyota mbili, na zote mbili ni za kiyoyozi. Anayeishi Phoenix hawezi kudharau kiyoyozi. Mwaka 2023 tulipigwa na siku 31 mfululizo za nyuzi joto 43 na kuendelea, kwa hiyo basi lenye ubaridi kwangu lina thamani yake. Mengine yote ya ziara hii ya kaskazini mwa Arizona yameniudhi kiasi kwamba hata leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Tiketi nilimkatia shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Shangazi amesuka ukili na kushona mikeka tangu usichana wake, na nilipomsimulia habari za wafumaji wa Kinavajo, moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, alisema, "Mwanangu, hao nipeleke nikawaone kwa macho yangu." Grand Canyon angeweza kuiona hata kwenye kalenda. Nilichokitaka mimi ni Canyon de Chelly, jirani na mji wa Chinle, korongo la miamba myekundu ambamo hadi leo kuna familia zinazolima mahindi na kuchunga kondoo kule chini kabisa. Juu ya vichwa vyao, kwenye mapango ya ukutani, zimebaki nyumba za mawe za watu waliokaa humo karne nyingi kabla ya Wanavajo.

Kule chini mtu hajiteremkii tu. Tangu 1931 korongo linahifadhiwa na serikali ya Marekani, lakini ardhi yenyewe ni ya Wanavajo, na ukitaka kuingia lazima uongozwe na mwenyeji mwenye kibali. Kampuni ilikuwa imetuwekea nafasi kwenye gari la wazi la familia moja ya pale, saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya safari nzima, na ndiyo niliyoilipia.

Sasa sikilizeni habari ya saa. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja majira ya joto, lakini Arizona haisogezi. Bunge la jimbo liliukataa utaratibu huo mwaka 1968, na ukikaa hapa Julai moja tu utawaelewa: nani anataka jua lichelewe kuzama? Lakini taifa la Wanavajo limeenea Arizona, New Mexico na Utah, na wao husogeza saa mbele majira ya joto ili watu wao wote waende pamoja. Kisha kuna Wahopi, jamii nyingine ya wenyeji wa asili, ambao ardhi yao imezungukwa pande zote na ya Wanavajo, nao hawasogezi. Ukiendesha gari siku moja huko kaskazini, saa inaruka mbele, inarudi, inaruka tena. Hilo si siri. Tulipolala Holbrook, kijana wa mapokezi hotelini alitukumbusha usiku ule ule, na dereva wetu, ambaye ndiye pia mwongozaji, alikuwa amesimama hapo hapo akipokea ufunguo wake.

Asubuhi tukapita Ganado bila kusimama kwenye duka la kale la Hubbell, ambalo tangu karne ya 19 linanunua na kuuza mazulia ya Kinavajo. Shangazi aliliona kupitia dirishani tu. Dereva alisema hakuna muda. Haya, tukavumilia kwa ajili ya korongo. Tukaingia Chinle saa tatu kasoro dakika kumi kwa saa ya dereva. Kwa saa ya Chinle ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Gari lilikwisha kuondoka.

Binti aliyekuwa mapokezi, sidhani kama ametimiza hata miaka ishirini, alieleza kwa upole kabisa: huku saa iko mbele, gari liliwangoja karibu nusu saa, sasa liko ndani ya korongo, na ya mchana yamejaa. Dereva akapiga meza kwa kiganja. "Mimi nimezaliwa Arizona. Hakuna wa kunifundisha saa." Binti akamwonyesha saa ya ukutani, hakujibu neno. Ndipo yule bwana akatugeukia sisi abiria wake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Hawa watu hata saa hawajui."

Mbele ya binti mwenyewe. Kwao.

Shangazi hajui Kiingereza, lakini uso wa yule binti aliuona. Akaniuliza, "Amemwambia nini mtoto wa watu?" Sikuweza kumtafsiria. Niliona aibu kuwa nimefika pale ndani ya basi la mtu huyu, na nilimwambia hivyo yule binti. Hebu fikirieni ni wapi maneno hayo yalipotamkwa. Mwaka 1864 askari wa Marekani chini ya amri ya Kit Carson waliingia korongo hilo hilo, wakachoma mashamba, wakakata maelfu ya mipichi, mpaka njaa ikawatoa watu mafichoni. Wakatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico. Zaidi ya watu elfu nane walishikiliwa huko, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mkataba wa Juni 1868 ndio uliowarudisha. Wajukuu wa watu waliorudi wakapanda mipichi upya ndio wanaotukanwa kwenye meza yao wenyewe na dereva aliyekosea saa! Nyota moja ikaondoka hapo hapo.

Tukapelekwa ukingoni, eti tutaona yote kutoka juu. Nilishuka nimenuna. Lakini haki lazima isemwe: Spider Rock ilininyamazisha. Ni nguzo ya mwamba mwekundu ya mita kama 240, imesimama peke yake kutoka sakafu ya korongo, na upepo unapopita pale unausikia kabla haujakufikia.

Pale kwenye maegesho palikuwa na mama mmoja wa Kinavajo aliyeegemeza fremu yake ndogo ya kufumia kwenye gari. Shangazi alimwendea moja kwa moja, hakuningoja. Yule mama alikuwa akipitisha uzi wa sufu kwa vidole, kisha akiupigilia chini kwa kitana cha mbao, tap, tap, mpaka nyuzi za mtande hazionekani tena. Shangazi akapitisha kidole gumba kwenye zulia, akianza upande wa nyuma, kama anavyoukagua mkeka wa fundi mwenzake. "Huyu hana mchezo," akasema. "Muulize dada, pembeni anamalizaje?" Mama akacheka, akaigeuza fremu, akatuonyesha kamba mbili zinazokwenda na ukingo, anavyozipishanisha zishike uzi wa kila mstari. Akatueleza kwamba kileleni mwa mwamba ule anakaa Mwanamke Buibui, aliyewafundisha Wadiné, ndivyo Wanavajo wanavyojiita, kufuma. Akaanza kutusimulia kondoo wa bibi yake, jinsi serikali ilivyopunguza mifugo kwa nguvu miaka ya 1930 kwa kisingizio cha mmomonyoko, na kondoo wao wa asili, wale wenye sufu ndefu, wakakaribia kutoweka.

Honi. Honi tena, ndefu. Dereva ametoa kichwa dirishani: "Hatukuja kununua, dakika mbili!" Mama akakata maneno katikati. Shangazi akabaki ameshika ukingo wa zulia, na mimi nikabaki na swali lake jingine ambalo sikuwahi kulitafsiri.

Nimejiuliza kama niwarudishie nyota ile, maana bila basi lao shangazi asingekutana na yule mama. Robo saa ile ilistahili nyota tano na zaidi. Lakini hapana, nimekataa. Barabara ya ukingoni haina kiingilio, ningempeleka kwa gari langu, na angekaa hapo hadi jioni. Kampuni ilichofanya ni kumkatiza.

Kurudi tulipita vijiji vya Wahopi, ambako vibao vimeandikwa wazi: hakuna kupiga picha, hakuna kurekodi, hakuna hata kuchora. Dereva akawashauri abiria wapige kupitia dirishani, haraka haraka, hawataonekana. Nadhani sina haja ya kuongeza neno hapo.

Niliporudi Phoenix nikapiga simu ofisini kwao. Jibu likawa kwamba ziara ilikamilika kwa kuwa "korongo mmeliona". Shangazi amesharudi Tanga bila kukanyaga mchanga wa kule chini. Kwa hiyo nafuta na ile ya pili; mfumo ungeruhusu sifuri ningeweka sifuri.

Canyon de Chelly nendeni, nawasihi, hasa mkiwa na mzazi anayejua kazi ya mikono. Wekeni nafasi kwa waongozaji wa Kinavajo wenyewe, na waulizeni ni saa ya wapi wanayoisema. Nanyi wa kampuni, nikijua mnasoma: pesa yangu naidai bado. Lakini hata mkinirudishia yote, tathmini hii haitabadilika mpaka dereva wenu arudi Chinle, asimame mbele ya meza ile, amwombe radhi yule binti.