Banda la mpira la Mwanjelwa: CHAN nzima nimeangalia humo, haya maoni yangu

Wakuu, kuna watu waliniuliza mechi za Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kipindi kile cha CHAN (yale mashindano ya Afrika) Agosti 2025 nilikuwa naangaliaga wapi, nikasema nitaandika nikaishia kusema tu, basi leo ndo naandika. Ni kibanda umiza kimoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, nyuma nyuma ya soko, bati juu, mabanzi pembeni, bango hakina, we mwambie wa bajaji "banda la mzee" atakushusha mlangoni. Siku za kawaida jero, Stars ikicheza buku.

Nianze na mabaya maana ndo nimeyalipia. Baridi. Agosti ya Mbeya mnaijua wenyewe, na mpira unaanza saa mbili usiku, mabanzi yenyewe yameachana kidole kizima, upepo unaingia humo utadhani nao umelipa kiingilio. Mechi ya kwanza na Burkina Faso nilienda na tisheti kwa mbwembwe zangu, Sopu anafunga penalti kuelekea mapumziko mi nashangilia huku meno yanagongana, Tshabalala akaja kuweka la pili, 2-0, nikarudi home na furaha na mafua. Toka siku hiyo ni koti na kofia, kuna wazee wanakuja na blanketi kabisa na hamna anayewacheka.

Mabenchi ni mbao tupu, na kuna nguzo katikati, ukichelewa unakaa nyuma yake goli moja hulioni. Choo sitaki kukiongelea.

Sasa kero yenyewe, picha inachelewa. Sio sana, sekunde kadhaa tu, ila nje pale kuna kijiwe cha bodaboda na wale jamaa wana redio, na redio iko mbele ya king'amuzi cha mzee. Mechi ya Mauritania, tarehe 6, mpira mgumu, 0-0 mpaka watu wameanza kuvaa viatu waondoke, dakika ya 89 hiyo sisi kwenye skrini mpira hata kwenye boksi haujafika, mara nje tunasikia GOOOLI na honi juu. Banda zima tukaangaliana. Tukabaki tunasubiri kujua ni nani tu, kumbe Kapombe. Tulishangilia ndio, tena sana, ila aisee goli la dakika ya 89 unahadithiwa kabla hujaliona, na buku umetoa! Nikamfuata mzee, nikamwambia shikamoo mzee wangu, ongea na wale vijana wapunguze redio. Akacheka tu.

Mazuri sasa. Hili banda ligi ikiwepo lina mpaka, Simba kushoto Yanga kulia, na ole wako ukae upande sio. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani peke yake kwa hiyo kila sura pale tunaijua, na zimechanganyika, Kapombe wa Simba, Mzize wa Yanga, Sopu wa Azam, Tshabalala ndo kwanza alikuwa ametoka kuhama Simba kwenda Yanga hata hatujazoea, sasa utakaa upande gani? Mpaka ukafa wenyewe. Kuna mzee wa Yanga huwa hataki hata kulisikia jina la Kapombe, ile usiku anaita "mwanangu Kapombe, mwanangu" huku amemkumbatia muuza mitumba wa Simba.

Ya Madagascar ndo niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa tarehe 9, Nane Nane ndo imeisha jana yake pale viwanja vya John Mwakangale, mji umejaa watu wa Rungwe, Chunya, Mbozi, wote wameingia bandani na mizigo yao. Mzize ndani ya dakika 20 kashapiga mbili. Mzee akang'oa banzi moja la pembeni watoto wachungulie bure, hapo ndo nikamsamehe na nguzo yake. Ikaisha 2-1 tukawa tumefuzu robo fainali, mara ya kwanza kuvuka makundi CHAN, maana 2009 na 2020 tuliishia hukohuko. Mama wa chai ya tangawizi kila anayempa hela anamjibu "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sauti kama yeye ndo kafunga. Chai yake hiyo na karanga, nendeni hata kama hamna mpira.

Afrika ya Kati 0-0, tulisinzia.

Nyota nampa nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya redio. Ila nayo nimalizie. Ijumaa tarehe 22, robo fainali na Morocco, watu wanataniana kwamba hata kocha wetu wa kipindi kile Hemed Suleiman wanamuita Morocco kwa hiyo leo lazima Morocco ashinde, banda limejaa pomoni. Na mzee kweli kaongea na bodaboda, redio iko chini kabisa, nikajisikia mtu mkubwa. Kipindi cha pili, kama dakika ya 65 hivi, naona wale vijana wanaingia mlangoni mmoja mmoja, mikono mfukoni, hamna anayeongea. Sekunde chache Lamlioui wa Morocco akafunga.

Nikamgeukia mzee. Akaniambia, "We si ndo ulitaka wanyamaze."