Seti ya kumsaidia nyoka kujivua gamba: kisanduku kinafaa, kipimaunyevu kinadanganya

Nilinunua seti hii baada ya chatu wangu wa kifalme kujivua gamba vibaya mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza gamba lilitoka vipandevipande, nikawa ninaokota mabaki yake katika pembe za tangi kama mtu anayekusanya karatasi zilizochanwa. Mara ya pili liligandamana mgongoni kwa siku nne nzima, na ncha ya mkia ikabaki imevaa pete tatu za ngozi kavu. Seti yenyewe ina kisanduku cha plastiki chenye tundu kwenye mfuniko, mfuko wa sfagnamu iliyokaushwa (mimea laini ya kinamasi inayofyonza maji mengi), chupa ya dawa ya kupuliza, kipimaunyevu cha mshale kinachobandikwa kwenye kioo, kibano cha chuma na kikaratasi cha maelekezo. Nimeitumia kwa muda wa miezi minane, na katika muda huo nyoka amejivua gamba mara tano, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si maoni ya mtu aliyefungua boksi jana.

Boksi limeandikwa kuwa seti inafaa kwa nyoka wa aina zote, na hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia. Chatu wa kifalme, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Python regius, asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, na huko hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, mahali ambapo hewa haikauki hata juu ya ardhi kukiwa na jua kali. Akifugwa huhitaji unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 60 na 80. Nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye naye hufugwa sana, hutosheka na asilimia 40 hadi 60. Maelekezo yasiyotofautisha wanyama hawa wawili hayawezi kuwa sahihi kwa wote.

Inafaa kukumbuka kinachotokea mwilini ili kuelewa kwa nini kila kifaa katika seti hii kinafaa au hakifai. Tabaka la nje la ngozi ya nyoka halipanuki kadiri anavyokua, hivyo tabaka jipya hujengeka chini yake, na linapokamilika majimaji hupenya katikati ya matabaka hayo mawili na kuyatenganisha. Ni majimaji hayo yanayoyafanya macho yawe na ukungu wa kibuluu na rangi za mwili zififie. Baada ya siku chache macho hurudi kuwa angavu, na wafugaji wageni hudhani kuwa shughuli imekwisha, kumbe nyoka atajivua siku kadhaa baadaye. Mambo yakienda sawa, husugua midomo kwenye kitu kigumu, ngozi hufunguka hapo, kisha hutoka ndani yake na kuiacha imegeuka nje-ndani kama soksi, ikiwa kipande kimoja kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Mwili ukikosa maji au hewa ikiwa kavu, matabaka hayaachani vizuri, na ndipo taabu inapoanza.

Nianze na kipimaunyevu, kwa sababu ndicho kilichoniponza. Kikaratasi kinaelekeza kwamba kisanduku kiwekwe ndani ya tangi endapo tu mshale utasoma chini ya asilimia 50, na kwamba unyevu ukizidi hapo dawa ya kupuliza inatosha. Mshale wangu ulikuwa umetulia kwenye 60. Nikatii: nikapuliza dawa kila jioni, nikakiacha kisanduku kabatini, na gamba la kwanza tangu ninunue seti likatoka katika vipande saba. Siku mbili baadaye nilimulika kichwa cha nyoka kwa tochi kutoka upande, nikaona jicho la kulia liking'aa kama tone la wino, lakini la kushoto lilikuwa limefifia, na kwenye ukingo wake kulikuwa na mikunjo midogo mithili ya plastiki iliyopata moto. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, na gamba hilo nalo hupaswa kutoka pamoja na ngozi nyingine. Lake lilikuwa limebaki.

Ndipo nilipoamua kukipima kipimaji chenyewe. Njia yake ni ya zamani na haihitaji utaalamu: jaza chumvi ya kawaida katika kifuniko cha chupa, itie maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uache kwa saa nane hadi kumi na mbili. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75, na kipimaji kizuri hakina budi kusoma hivyo. Changu kilisoma 93. Nilirudia siku iliyofuata nikidhani nimekosea, kikasoma 93 tena. Maana yake ni kwamba 60 niliyokuwa nikiiamini ilikuwa 42, na chatu wangu alikuwa akiishi katika hewa kavu mno huku mimi nikijipongeza. Nilinunua kipimaunyevu cha kidijitali chenye waya mrefu, kikapita jaribio la chumvi kwa tofauti ya alama moja, nacho kikanionyesha 43 mahali pale pale. Mtengenezaji anayeweka kipimaji kibovu ndani ya seti, halafu akaandika maelekezo yanayotegemea kipimaji hicho, amewafanya wanunuzi wake wawe vibaya zaidi kuliko kama asingeweka chochote. Ningekuwa sina kipimo, ningekiweka kisanduku tangu siku ya kwanza.

Lawama yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni juu ya kibano. Kikaratasi kinasema kwamba kifuniko cha jicho kikibaki, mfugaji akishike ukingoni kwa kibano na kukivuta polepole, na kuna mchoro unaoonyesha namna ya kufanya hivyo. Nasema bila kuzunguka kwamba mchoro huo haukustahili kuchapishwa. Chini ya kifuniko kilichokufa kuna kingine kilicho hai, ambacho ni chembamba na kimeshikana na jicho lenyewe, na mtu asiyekuwa na ujuzi hawezi kujua kwa macho ameshika kipi. Akikosea, nyoka anaweza kupoteza jicho. Daktari wa wanyama niliyempelekea aliangalia kwa lenzi, akathibitisha kwamba kilichobaki ni tabaka moja tu, akaniambia nisiguse chochote bali nirekebishe unyevu na kusubiri gamba linalofuata, na kama halitatoka hapo nirudi kwake.

Sasa kisanduku, ambacho ndicho kitu pekee kinachonifanya nisijutie fedha zangu kabisa. Kimetengenezwa kwa plastiki nzito isiyopitisha mwanga, jambo la maana, kwa kuwa nyoka aliyefunikwa macho na ukungu haoni vizuri, huwa na wasiwasi na hutafuta giza. Unaloweka sfagnamu katika maji safi, unaikamua kwa nguvu zote za kiganja mpaka isidondoshe hata tone, unaitandaza ndani ya kisanduku hadi ijae nusu, kisha unakiweka upande wa tangi wenye joto lakini si juu kabisa ya mkeka wa joto. Hewa ya ndani hupanda hadi kati ya asilimia 80 na 90 huku tangi lote likibaki kavu kiasi kinachofaa, na nyoka mwenyewe anachagua aingie lini na atoke lini. Macho yalipoanza kufifia safari iliyofuata, chatu wangu aliingia humo jioni hiyo hiyo, akajikunja, akabakiza pua tu mlangoni. Alikaa karibu siku tisa, akitoka usiku kunywa maji.

Asubuhi ya siku ya kumi nilisikia mkwaruzo kama wa mtu anayefungua bahasha taratibu. Kichwa kilikuwa kimekwisha kutoka, ngozi kuukuu imekunjwa shingoni kama kola, naye akijisukuma kupitia kwenye tundu la mfuniko, ambalo lilikuwa likiizuia ngozi ile wakati mwili ukisonga mbele. Sikumgusa. Alipomaliza nililichukua gamba lingali bichi na laini, nikalinyoosha sehemu ya kichwa mbele ya taa, na pale penye macho palikuwa na vijikuba viwili vilivyo wazi, kila kimoja mahali pake. Cha kushoto kilikuwa kinene kidogo, na nilipokibonyeza kwa ukucha kiligawanyika kuwa viwili. Kile kilichobaki mara iliyotangulia kilikuwa kimetoka pamoja na kipya. Tangu hapo amejivua mara tatu nyingine, na mara zote gamba limekuwa kipande kimoja.

Kisanduku kina kasoro zake. Ukingo wa tundu ulikuja na makali ya plastiki iliyokatwa ovyo, nami nililazimika kuusugua kwa msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzika. Tundu lenyewe lina upana wa sentimita sita hivi, linamtosha nyoka wangu wa miaka mitatu, lakini chatu jike aliyekomaa na aliyetoka kula anaweza kukwama humo. Sfagnamu iliyomo inatosha kujaza kisanduku mara mbili, na haina budi kubadilishwa kila wiki inapotumika, au mapema zaidi ikinuka au ikionyesha kuvu. Tena isiwe imelowa chapachapa: tumbo la nyoka likilalia unyevu mwingi siku nenda siku rudi, magamba ya chini hupata malengelenge na kuoza, nawe utakuwa umeondoa tatizo dogo ukaleta kubwa. Juu ya hili kikaratasi hakisemi neno.

Dawa ya kupuliza sina mengi ya kuieleza. Lebo yake inataja maji, gliserini na shubiri. Katika yale magamba manne yaliyotoka vizuri niliitumia mawili nikaacha mawili, na sikuona tofauti yoyote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chupa hii ndiyo iliyopewa picha kubwa kuliko vyote usoni mwa boksi. Pua yake ya kupulizia, kwa upande mwingine, ni nzuri sana: inatoa ukungu mwembamba usiomshtua mnyama. Dawa ilipokwisha niliijaza maji matupu na bado inafanya kazi yake.

Kuhusu zile pete za mkiani, ambazo seti haina kifaa chake, kikaratasi kinashauri tu kumwogesha nyoka kwa maji ya uvuguvugu. Ushauri ni sahihi, ila haujakamilika. Maji yawe ya nyuzi joto 28 hadi 30, yapimwe kwa kipimajoto na si kwa mkono. Kina chake kisizidi unene wa mwili wa nyoka akiwa amelala, ili aweze kuinua kichwa bila kuogelea. Chombo kiwe na mfuniko wenye matundu, na mfugaji asiondoke hapo kwa dakika zote 20 au 30. Baada ya hapo nilimwacha apite katikati ya mikunjo ya taulo lenye maji, na pete mbili zikabaki humo. Ya tatu, iliyokuwa nchani kabisa, niliiviringisha kwa kitambaa kilicholowa kuelekea ncha, bila kuvuta, ikatoka siku ya pili. Hapa ndipo mkia unapotofautiana na jicho. Jicho linaweza kungoja gamba linalofuata, lakini pete ya ngozi kavu husinyaa na kubana mishipa ya damu, na ikiachwa, ncha ya mkia huweza kufa na kukatika.

Kwa anayefikiria kununua, ningemshauri atafute kisanduku na sfagnamu peke yake, au hata atoboe mwenyewe chombo cha kuhifadhia chakula na kukilainisha ukingo, halafu fedha inayosalia aiweke kwenye kipimaunyevu cha kidijitali. Nyoka anayejivua vibaya mara kwa mara ilhali unyevu, joto na maji yake ya kunywa viko sawa, huyo hahitaji seti ya aina yoyote. Achunguzwe utitiri, hasa kuzunguka macho na chini ya kidevu ambako huonekana kama nukta nyeusi zinazotembea, na apelekwe kwa daktari anayewajua wanyama watambaao.

Kibano nimekitupa. Kipimaunyevu cha mshale bado kimekataa kubanduka, kwa maana gundi yake ndiyo iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi lile. Asubuhi ya leo kilikuwa kikisoma 80, na cha kidijitali kilichoning'inia kando yake kikisoma 62.