Rezo na "Die Zerstörung der CDU": itazame ukiwa umefungua vyanzo vyake

Ndugu waliohamia Ujerumani karibuni huniuliza watazame nini ili waelewe vijana wa huku wanavyobishana kuhusu siasa. Siwatumi kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nawatuma kwa Rezo, na hasa kwenye video aliyoitoa YouTube tarehe 18 Mei 2019, "Die Zerstörung der CDU", yaani "Kuangamizwa kwa CDU", chama cha kihafidhina kilichokuwa kikiongoza serikali ya Ujerumani wakati ule. Ni ya bure, ina dakika 55 hivi, na imetazamwa mara milioni nyingi. Ila nawapa sharti moja: fungua pia hati ya vyanzo iliyowekwa chini ya video. Ukiiacha hati hiyo, umepata nusu tu ya kazi yenyewe.

Kwa asiyemfahamu, Rezo ni kijana wa mwaka 1992, msomi wa sayansi ya kompyuta kutoka chuo kikuu cha Dortmund, aliyejulikana kwanza kwa muziki na michezo ya kuchekesha mtandaoni. Nywele zake amezipaka bluu. Lugha yake ni ile ya vijana, na hajali kuongeza neno la Kiingereza au tusi dogo katikati ya sentensi. Niliposita kumtazama mtu wa namna hiyo akizungumzia bajeti na sheria, mpwa wangu aliniambia, "Shangazi, achana na nywele. Sikiliza anavyotaja alikoyatoa maneno." Alinishauri vizuri. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, hukumu na mikataba hasa, na nimezoea kutoamini nakala mpaka niione asili. Kwa hiyo nilimpima Rezo kwa kipimo hicho hicho.

Video imejengwa kwa mada kubwa chache. Anaanza na pengo kati ya walio nacho na wasio nacho na jinsi elimu ya mtoto wa Ujerumani inavyotegemea mfuko wa wazazi wake. Kisha tabianchi, kisha vita, na katikati ya hayo yote anaonyesha wanasiasa wa CDU na chama ndugu cha CSU cha jimbo la Bavaria wakiongea juu ya intaneti, dawa za kulevya na maandamano ya wanafunzi kwa namna inayodhihirisha kwamba hawakujiandaa. Sehemu hiyo ya kuwaonyesha wanasiasa wakiteleza ndiyo iliyosambazwa zaidi vipande vipande. Kwangu haina uzito mkubwa. Mwanasiasa yeyote aliyekaa madarakani miaka mingi ana dakika zake mbaya kwenye kamera, na kuziunganisha pamoja hakuthibitishi mengi.

Moyo wa video ni tabianchi, na hapo nakushauri utulie. Rezo anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa siasa walikuwa hawalifanyi mwaka ule: anachukua ahadi ya serikali, anaiweka kando ya ripoti za wanasayansi na za serikali yenyewe, halafu anauliza kama hesabu zinaoana. Anataja tamko la Scientists for Future la Machi 2019, lililotiwa saini na wanasayansi zaidi ya 26,800 wa Ujerumani, Austria na Uswisi wakisema kwamba madai ya vijana wanaoandamana yana msingi. Anaeleza lengo la kutoruhusu joto la dunia liongezeke zaidi ya nyuzi 1.5 na maana ya kuendelea kuchoma makaa ya mawe hadi 2038, mwaka uliopendekezwa na tume iliyoundwa na serikali. Analinganisha pia ajira za makaa ya mawe, ambazo kila mkutano wa hadhara unazitetea, na makumi ya maelfu ya ajira za umeme wa jua zilizopotea bila kiongozi kusimama kuzililia. Hoja hiyo ilinikaa moyoni kwa sababu ni rahisi kuifuatilia na haihitaji shahada.

Nilirudi kwenye asili. Anaposema Ujerumani inaelekea kukosa lengo lake la kupunguza gesijoto kwa asilimia 40 kufikia 2020, hajatunga: ripoti ya serikali iliyotolewa Februari 2019 ilikadiria kwamba nchi ingefikia asilimia 32 hivi. Baadaye lengo lilifikiwa kwa kichochoro, kwa sababu mwaka 2020 janga la korona lilisimamisha safari na viwanda. Aliyetazama video Mei 2019 alipewa picha sahihi ya siku ile. Na tarehe 24 Machi 2021 Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe iliamua kwamba sheria ya tabianchi ya 2019 ilikwenda kinyume na katiba kwa sehemu fulani, kwa kuwa ilikisukumia kizazi kijacho mzigo wa baada ya 2030. Ukisoma uamuzi huo kisha ukarudi kumsikiliza Rezo akizungumzia haki ya wenye umri mdogo, utaona kwamba alikuwa amegusa jambo zito mapema.

Sasa sehemu ya vita. Hapa sikuridhika. Anazungumzia kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Ramstein, ambako mawasiliano ya kuongozea ndege zisizo na rubani hupitia, na anaibebesha serikali ya Ujerumani dhamana ya watu wanaouawa mbali. Ni suala la haki kabisa kuliuliza, na nampongeza kwa kulileta mbele ya watoto wa shule waliokuwa hawajawahi kulisikia. Lakini kwa jinsi alivyolieleza, mtazamaji anaondoka akidhani sheria imekwisha kusema. Haikuwa hivyo. Tarehe 19 Machi 2019, miezi miwili tu kabla ya video, mahakama ya utawala ya rufaa mjini Münster iliitaka serikali ihakikishe zaidi kama matumizi ya Ramstein kwa mashambulizi ya Yemen yanafuata sheria za kimataifa. Novemba 2020 mahakama ya juu ya utawala mjini Leipzig ikautengua uamuzi huo. Julai 2025 Mahakama ya Katiba nayo ikayakataa malalamiko ya Wayemen waliofungua kesi. Majaji wenyewe wamevutana kwa miaka, na mtu mwenye dakika 55 mkononi angeweza kutumia mbili kulisema hilo.

Tatizo lake jingine ni kasi. Anaongea haraka mno. Nilijikuta nikirudisha nyuma mara kwa mara, na Kijerumani nakiishi kila siku. Namwelewa: alikuwa akishindania usikivu wa vijana ambao kidole chao kiko tayari kusogeza skrini. Lakini hoja ya mgawanyo wa mali, yenye takwimu zinazopimwa kwa njia tofauti na taasisi tofauti, inapitishwa kwa kasi ileile ya kichekesho. Mtazamaji anabaki na hasira bila kushika hesabu. Nyota nne kati ya tano basi, na ile moja niliyoizuia ni kwa ajili ya Ramstein na kasi hii kwa pamoja.

Mwishoni anawaambia watazamaji wasiipigie kura CDU wala CSU, wasiipigie SPD, chama cha mrengo wa kati-kushoto kilichokuwa mshirika wao serikalini, na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, hata kidogo. Wapo wanaosema hapo alivuka mpaka. Mimi sioni mpaka wowote. Yeye si shirika la utangazaji la umma, hana wajibu wa kugawa dakika sawa kwa kila chama, na msimamo wake haukufichwa popote. Jina la video limeutangaza kabla hujabonyeza. Kilichoniuma zaidi ni jinsi chama chenyewe kilivyojibu. Walimrekodi mbunge wao kijana Philipp Amthor akitoa majibu, kisha wakaamua kutoirusha rekodi hiyo, wakatoa hati ya PDF ya kurasa 11. Nimeisoma. Ni utetezi wa kawaida wa rekodi ya chama, umeandikwa kwa adabu, na una mambo ya kufikiriwa. Lakini kijana aliyemsikia mwenzake akizungumza naye uso kwa uso hawezi kupewa waraka wa ofisini ukasema umemjibu.

Siku mbili kabla ya uchaguzi, tarehe 24 Mei, watengeneza maudhui zaidi ya 70 waliungana naye katika video ya pili yenye wito uleule. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulifanyika Jumapili ya tarehe 26. CDU na CSU walipata asilimia 28.9, kutoka 35.3 mwaka 2014. SPD walianguka kutoka 27.3 hadi 15.8. Chama cha Kijani kilipanda kutoka 10.7 hadi 20.5. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 61.4, wakati mara iliyotangulia walikuwa 48.1. Kesho yake mwenyekiti wa CDU wakati ule, Annegret Kramp-Karrenbauer, akauliza ingekuwaje kama magazeti 70 yangetoa wito wa namna hiyo kabla ya kura, na akagusia haja ya kuzungumza kuhusu kanuni za mtandaoni. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa, na ilistahili. Magazeti yana haki hiyo hiyo ya kusema msimamo wao, kifungu cha 5 cha katiba kinailinda, na kiongozi wa chama kinachotawala alipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa.

Je, Rezo ndiye aliyewaangusha? Siamini. Wanafunzi walikuwa wameshatoka barabarani kila Ijumaa tangu mwisho wa 2018, na SPD ilikuwa inazama kwa sababu zake. Nionavyo, aliwapa watu waliokwisha kukasirika maneno ya kujadiliana na wazazi wao mezani. Hilo ni kubwa kuliko kuhamisha kura. Nimekaa kwenye nyumba za Wajerumani ambako baba na binti walibishana kwa kufungua vyanzo vya Rezo kimoja baada ya kingine, na baba akakiri kwamba vingine hakuwahi kuviona.

Sasa nije kwenye video ambayo naipenda kuliko hiyo maarufu. Tarehe 31 Mei 2020 alitoa "Die Zerstörung der Presse", ya saa moja hivi, kuhusu vyombo vya habari. Humo anafanya jambo la busara sana: anakusanya makala zilizoandikwa kuhusu yeye mwenyewe, kwa kuwa hayo ndiyo mambo ambayo ukweli wake anaujua bila kubahatisha, kisha anahesabu makosa kwa kila gazeti. Hata magazeti yenye heshima yanakutwa na makosa ambayo simu moja ingeyazuia. Anawakemea kwa sauti ya mtu anayewahitaji, kwa sababu anajua gazeti likipoteza imani, mwenye hadithi za njama ndiye anayejaza nafasi. Mwaka huohuo "Die Zerstörung der CDU" ilipata tuzo ya uandishi wa habari ya Nannen katika kundi la kazi za mtandaoni, na yeye alikuwa tayari ana safu kwenye Zeit Online, tovuti ya gazeti la Die Zeit. Wapo waandishi waliochukia kumwona katika orodha ya tuzo yao. Mimi nimefuatilia vyanzo vyake na vya baadhi yao, na tuzo ile naiona ilikwenda mahali pake.

Kuhusu mfululizo wa 2021, uliotoka Agosti na Septemba kabla ya uchaguzi wa bunge la shirikisho, sina mengi. Sehemu tatu: uzembe, tabianchi, ufisadi. Ya tabianchi ni nzuri na imetulia zaidi kuliko ya 2019. Ya kwanza imejaa tena zile teleza za wanasiasa, safari hii Armin Laschet, mgombea ukansela wa CDU na CSU, akiwa mlengwa mkuu, na nimeshasema nazipimaje.

Kama Kijerumani chako bado kichanga, punguza kasi ya video hadi robo tatu, washa maandishi ya chini, na uanze na sehemu ya tabianchi badala ya mwanzo. Kama lugha unaiweza, anza na ile ya vyombo vya habari, halafu urudi 2019. Na ombi langu kwa Rezo mwenyewe: hati ya vyanzo ya 2019 inastahili ukurasa wa mwisho wenye yaliyotokea baadaye, yaani uamuzi wa Leipzig na wa Karlsruhe kuhusu Ramstein, uamuzi wa 2021 kuhusu sheria ya tabianchi, na takwimu halisi za gesijoto za 2020. Watu bado wanaifungua hati ile.